Adima, si Adiga

Onzima, weka hicho kikuza sauti hapa, taratibu,
juu ya gazeti, usiniwekee juu ya muhogo wangu.
Najua kilichokuleta. Arua nzima inajua.
Jumapili ulishika kipaza ukatangaza msiba
kutoka kwenye mlingoti wako wa mikaratusi,
spika nne, midomo wazi kama maboga,
na watu wa ng'ambo ya kijito wakasikia Adiga.
Wakaja na ngoma, na unga, na kuni za matanga,
wakamkuta Adiga mlangoni amevaa kaptura,
kwete imemjaa kikombe cha bati, anauliza,
"Nani tena? Ngojeni nichukue koti, twende."

Usicheke.
Adima alilazwa kaburini na watu wanne.

Tazama sasa. Huyu mdudu mweusi wa miguu minane
ndiye anayepokea mnong'ono wako na kuunyoosha.
Umempa betri ya volti kumi na mbili,
ukadhani atakurudishia zote kumi na mbili.
Hagusi dari. Anaiacha volti moja na nusu juu,
moja na nusu nyingine anaiacha sakafuni,
ndivyo walivyomzaa kiwandani, hana kosa.
Zinabaki tisa: nne na nusu za kupanda,
nne na nusu za kushuka.
Tena ana nguvu ya kubeba kijiko, si gunia;
spika hata moja ingemlemaza.
Ndiyo maana nyuma yake kuna wapagazi wawili,
hizi tranzista, na wapagazi nao hula njiani:
kila mmoja amemega sehemu saba za kumi za volti.
Piga hesabu mwenyewe.
Kila spika ilipata wati moja isiyotimia.

Wewe ukazungusha kifundo mpaka mwisho.
Wimbi likapanda, likagonga dari, likafyekwa utosi.
Likashuka, likafyekwa nyayo.
Likatoka likiwa ubao.
Sauti kubwa, naam, mbwa wote walibweka,
lakini kile kidogo kinachomtenga mtu na mtu,
midomo inapofungana kwenye *m*,
kilibaki darini.

Unataka wati mia kama za yule wa disko ya Oli?
Wati mia katika omu nane
ni kilele cha volti arobaini.
Betri ya pikipiki itazitoa wapi,
itazikopa SACCO?

Sikiliza ninachoweza.
Naweka mdudu wa pili amtazame wa kwanza:
huyu akipanda, yule anashuka,
na spika zako zinakaa kati yao.
Volti mara mbili, wati mara nne.
Sikio lakini ni bahili, litakuhesabia
mara moja na nusu, labda.
Na joto halikopeshi: wapagazi wanakuwa wanne,
kila mmoja na mzigo maradufu,
kwa hiyo nimekata sufuria ya mama
niwape mgongo wa kupoza.
Mama hajajua bado.

Elfu themanini. Sabini, kwa kuwa ni wewe.

Hapana, sikudai kwa hasira.
Ni kwamba Adima ndiye aliyenipa chuma cha risasi,
kile cha kuchomeka kwenye makaa,
wakati wengine walisema Candiru atajiunguza nywele.
Nilijiunguza. Akanifundisha kushika upya.
Miongoni mwa wale wanne mimi nilikuwa wa tatu,
nikishika kamba, nikisikia upande wa pili wa kijito
ngoma ikimlilia mtu anayekunywa.

Haya. Nimechora mstari hapa kwenye kifundo,
rangi ya kucha, nyekundu, ya dada yangu.
Usiuvuke hata bei ya mbuzi ikipanda,
hata mheshimiwa akija na bahasha.
Mbele ya mstari hakuna sauti, kuna dari tu.

Washa. Ngoja mvumo utulie.
Mtangaze tena.
Ndiyo, najua keshazikwa.
Sema jina lake.
Polepole, Onzima. Funga midomo.
Tena.